Zawadi Haidaiwi

Kila mwaka wa uchaguzi ukikaribia, kule kwetu milimani inarudi sentensi ileile. Utaisikia ndani ya Noah inayopanda kutoka Same mjini, watu kumi na wawili mmebanana na magunia ya tangawizi. Utaisikia gulioni. Utaisikia hata nje ya kanisa, wazee wakisubiri ibada ya pili. "Tumpe huyu bwana, ana hela zake. Hana njaa. Hataiba."

Nimeisikia kwa mama yangu. Nimeisikia kwa mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la saba. Nimeisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu, na ndiyo maana leo naandika kuipinga. Siandiki kama mtu mwenye akili kuliko wenzake. Naandika kama katibu aliyeshindwa kazi yake.

Ngoja nianze na hilo la ukatibu, maana bila hilo utadhani nina chuki na matajiri.

Kijiji chetu kiko upande wa juu wa Makanya, kule ambako ukisimama asubuhi unaona vumbi la jasi na mashamba ya mkonge chini, na wewe uko kwenye ukungu umevaa sweta. Tulikuwa tunajenga zahanati. Tuliijenga kwa msaragambo, kama tulivyojenga shule na kama babu zetu walivyochimba ndiva: kila kaya inatoa mtu, kila mtu anabeba jiwe, asiyekuja analipa faini. Wanawake walibeba mchanga kutoka kijitoni, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Kuta zikafika kwenye lenta. Hapo hela ikaisha. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kidato cha sita na mwandiko unaosomeka, nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja, mzaliwa wa huku, mwenye malori yake Dar es Salaam. Alikuwa anatafuta kuteuliwa na chama chake agombee ubunge. Akaleta mabati themanini. Tukapika wali, tukachinja, kwaya ikaimba. Akasimama akasema serikali ina mambo mengi, haiwezi kumfikia kila mtu, kwa hiyo sisi wenye uwezo ndio wa kurudi nyumbani kuwainua wenzetu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mimi nikaandika barua ya shukrani, kwa heshima na taadhima, nikagonga mhuri wa kijiji. Jioni ile nikamwambia mama: mpeni huyu, ana hela zake, hataiba.

Kura za maoni zikapigwa. Akashindwa. Wiki mbili baadaye ikaja Canter na vijana wanne. Dereva alikuwa na adabu, alivua kofia. Akasema, "Shikamooni wazee. Mzee kanituma, yale mabati alikuwa amewawekea tu." Mabati yalikuwa bado stoo ya shule, maana mbao za kupaulia zilikuwa hazijapatikana.

Sasa hapa inabidi umjue Mpare. Tanzania nzima inatucheka kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Baba yangu mdogo alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba iliyokuwa inaingia mwaka wa nane, na mpaka wenyewe ulikuwa na upana wa hatua tatu. Mtu kama huyo ungetegemea awe wa kwanza kulala mbele ya Canter. Hakulala. Alinigeukia akauliza swali moja tu: "Katibu, tuna karatasi gani?"

Nilikuwa na nakala ya barua yangu. Akaisoma taratibu, midomo ikicheza. Mwisho akanirudishia. "Hapa umeandika ahsante," akasema. "Hukuandika tumepokea. Na hata tungekuwa na karatasi, mwanangu, nani atasimama mbele ya hakimu aseme anadai zawadi?"

Mabati yakapakiwa. Wengine tulisaidia kupakia, kwa aibu.

Zahanati ile ikakaa bila paa misimu miwili ya mvua. Udongo wa kuta ukaliwa na maji. Kipindi chote hicho wajawazito waliendelea kushushwa kwa machela mpaka barabara ya gari, usiku, kwa tochi. Sitataja nani aliumia, kwa sababu ni watu wenye majina na familia. Ila wapo.

Huyo ndiye mbunge tajiri niliyemjua mimi, na kwa bahati hakuwa mbunge. Utaniambia: huyo alikuwa tapeli, usiwahukumu wote kwa ajili ya mmoja. Kweli kabisa. Kwa hiyo tumwache. Hoja inayomtegemea tapeli ni hoja dhaifu. Tumchukue aliye bora kuliko wote tuliowahi kuwaona mkoani kwetu, tuone kama sentensi yetu inasimama.

Kabla ya hapo, tukumbushane kitu. Mfanyabiashara mkubwa ndani ya Bunge si jambo la asili kama mvua za vuli. Lina tarehe. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalimgusa mpaka mkewe. Mwaka 1991 CCM, katika kile tunachokiita Azimio la Zanzibar, ikayalegeza. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa. Tangu hapo mlango ukawa wazi kwa mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye kiwanda na mwenye malori.

Silii kwamba turudi 1967. Chini ya masharti yale watu walijifunza kuandikisha nyumba kwa jina la shemeji na lori kwa jina la mpwa. Unafiki ulikuwepo. Lakini Azimio la Arusha lilikuwa na swali zuri, kwamba huyu anayetutungia sheria anakula wapi, na tulipofuta masharti tukafuta na swali. Mahali pa swali tukaweka sentensi: ana hela zake, hataiba.

Wakapita wengi kwenye mlango ule. Mohammed Dewji, mrithi wa biashara kubwa ya familia, aliwakilisha Singida Mjini kwa tiketi ya CCM kuanzia 2005 hadi 2015, kisha hakugombea tena, akarudi kwenye biashara yake. Rostam Aziz alikuwa mbunge wa Igunga tangu miaka ya 1990. Julai 2011 akajiuzulu, akasema amechoshwa na siasa uchwara, anakwenda kushughulikia biashara zake. Oktoba mwaka huohuo Igunga wakapiga kura upya. Sina ugomvi na uamuzi wa yeyote kati yao. Ninachotaka uone ni kwamba mfanyabiashara ana mahali pa kurudi. Mkulima wa Igunga hawezi kusema amechoshwa na Igunga akajiuzulu.

Lakini niliahidi aliye bora. Kwa mtu wa Kilimanjaro, jina linalokuja ni moja: Philemon Ndesamburo.

Sisi wa Same si wa Moshi, lakini Moshi ndiyo makao makuu ya mkoa wetu. Mgonjwa akizidiwa tunampeleka KCMC. Nguo za harusi tunanunua Moshi. Kwa hiyo siasa za Moshi tumezijua kama mtu anavyojua ugomvi wa nyumba ya jirani. Ndesamburo, mzaliwa wa 1935, alikuwa mfanyabiashara mwenye Keys Hotel, mmoja wa waasisi wa Chadema, na mbunge wa Moshi Mjini kwa miaka 15, kuanzia 2000 hadi 2015. Watu walimpa jina la Ndesapesa. Walilitaja kwa mapenzi, nakuhakikishia. Ukipanda gari stendi ya Moshi miaka ile ukamsema vibaya, unaweza kushushwa.

Watu wengi wanasahau kwamba chama alichokiasisi kilianza kama chama cha kihafidhina. Leo ukisema Chadema mtu anafikiria maandamano na "nguvu ya umma". Lakini mwasisi wake mkuu, Edwin Mtei, alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, tena waziri wa fedha aliyeachana na Mwalimu Nyerere mwaka 1979 walipotofautiana kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Soma kumbukumbu zake, From Goatherd to Governor, uone mtu anayeamini soko, sarafu imara na serikali isiyojitia kila mahali. Chama hicho kimekuwa mwanachama wa umoja wa kimataifa wa vyama vya mrengo wa kulia, pamoja na Conservative cha Uingereza na CDU cha Ujerumani. Ndesamburo alifaa hapo. Alikuwa mtu wa kazi, wa kanuni za biashara, wa kujenga chake na kukisimamia. Si mwanamapinduzi. Ni mzee wa mji.

Na alikaa upinzani. Hilo mtu alipime vizuri. Mfanyabiashara akiwa chama tawala, ukarimu wake unaweza kuwa mbegu anayopanda ili avune zabuni. Mfanyabiashara akiwa upinzani kwa robo karne, kwenye nchi hii, hana mavuno hayo. Ana hasara. Leseni yake ipo mikononi mwa watu anaowapinga. Kwa hiyo sisemi kwamba Ndesamburo alinunua watu, na sina sababu ya kusema hivyo. Nasema alikuwa tajiri mkarimu wa kweli, na hata hivyo sentensi yetu haisimami.

Alifariki tarehe 31 Mei 2017, akiwa na umri wa miaka 82. Mwezi huohuo, tarehe 6, basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa limetumbukia korongoni Karatu, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva. Iliripotiwa kwamba Ndesamburo alizidiwa akiwa katika shughuli ya kusaini hundi ya rambirambi kwa ajili ya msiba huo. Wakati ule hakuwa mbunge tena. Hakuna kura aliyokuwa anaitafuta Arusha. Mkono wake ulikuwa kwenye hundi kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Niliposoma habari ile nilinyamaza muda mrefu. Nilimwonea huruma na nikamheshimu. Halafu nikafikiria mabati yetu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho nilikuwa nimekikosea.

Nilikuwa nadhani tatizo la yule wetu wa malori lilikuwa roho mbaya, na dawa yake ni kutafuta mwenye roho nzuri. Lakini mwenye roho nzuri naye ana mwisho. Hundi inakatika pale mkono unapoishia. Yule wa Canter aliondoa mabati kwa sababu alikasirika. Mwingine ataacha kutoa kwa sababu biashara imeyumba, au watoto wamegawana mirathi, au Mungu amemwita. Kwa mama anayesubiri zahanati, vyote hivyo vinafika sawa: kitu hakipo, na hakuna pa kwenda kuuliza. Huwezi kumwandikia marehemu barua ya kumkumbusha. Huwezi kumpeleka tajiri aliye hai baraza la kata kwa kosa la kuacha kuwa mkarimu.

Zawadi haidaiwi. Baba mdogo aliliona hilo kabla yangu, akiwa amesimama kando ya Canter.

Na angalia Ndesamburo mwenyewe alichoacha cha kudumu. Sio hundi. Mwaka 2010 chama chake kilipata halmashauri ya mji wa Moshi, na meya wake wa wakati ule, Jaffary Michael, ndiye aliyekuja kuwa mbunge baada yake mwaka 2015. Unaweza kukipenda chama kile au kukichukia, lakini kikao cha madiwani kina ajenda, kina muhtasari, kina bajeti, kina mkaguzi. Ukikosewa, una ukurasa wa kuonyesha. Sehemu ya kazi yake iliyofanywa hivyo ingeweza kuhojiwa, na hata kushindwa kwenye kura, kama ilivyokuja kushindwa. Sehemu iliyofanywa kwa mfuko wake ilikwenda naye.

Huu ndio ugomvi wangu na uhafidhina wa namna hii, na naomba niueleze bila matusi. Unaamini kwamba jamii itakaa sawa ikiwa wenye nacho watakuwa na moyo. Ni imani yenye heshima. Dini zetu zote zinafundisha sadaka. Lakini sadaka ni wajibu wa mtoaji mbele ya Mungu wake. Uwakilishi ni wajibu wa mbunge mbele yetu. Tukichanganya viwili hivi, mbunge anageuka mfadhili, na sisi tunageuka ombaomba wenye kadi za kupigia kura. Kisha serikali inapata pumziko zuri. Ya nini kuuliza bajeti ya dawa iko wapi wakati mheshimiwa amelipia dawa?

Ona lugha yetu ilivyoharibika. Tunasema "mbunge ametuletea maji". Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ule wa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza wakati wa Kikwete, ukapita utawala wa Magufuli, ukaja kuzinduliwa na Rais Samia Machi 2025. Zaidi ya miaka kumi watu wa tambarare walinunua maji kwa madumu huku bomba limelala ardhini. Walichoka, walilalamika, waliuliza mbele ya mawaziri. Waliweza kuuliza kwa sababu ilikuwa fedha ya umma. Hakuna tajiri hata mmoja wa Upare ambaye angeweza kulipia mradi ule kutoka mfukoni, na kama angeweza, tungekaa kimya tusije tukamuudhi.

Nasikia mtu anasema: haya, tumchague maskini basi, halafu aibe. La, sijasema hivyo. Umaskini si cheti cha uadilifu. Tumewaona walioingia Dodoma na suti moja, baada ya miaka mitano wana maghorofa. Waswahili wamesema mkono mtupu haulambwi, na mgombea asiye na kitu anajua hilo vizuri. Atakopa kwa wenye nacho, kisha atalipa deni kwa kura yake bungeni. Kwa hiyo ukubwa wa mfuko wa mgombea haunipi jibu la upande wowote. Ndiyo hoja yangu yote. Tumekuwa tukiangalia mfuko wa mtu kana kwamba ni barua ya utambulisho, wakati jibu liko kwenye daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, iwe ya tajiri au ya fukara.

Sheria zenyewe zilishatuonya. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura eti kwa nia njema na kwa mila zetu. Wanaharakati wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu vinambagua mgombea asiye na uwezo na vinaharibu uhuru wa mpiga kura. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwenye karatasi, wali wetu na kwaya yetu vilikuwa na kasoro. Kijijini hakuna aliyetuambia, na mimi katibu sikuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi, kati ya watu wote, tulipaswa kujua. Wapare tuna historia ambayo haifanani kabisa na makofi tuliyompigia yule bwana.

Miaka ya 1940 wakoloni wa Kiingereza na watawala wa jadi walileta kodi ya kupanda na kushuka kulingana na mali ya mtu. Wakaiita mbiru, jina la ushuru wa zamani. Kila mtu akadiriwe ng'ombe wake, shamba lake, kahawa yake. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakaenda bomani Same, wakakaa. Hawakuwa wanakataa kulipa kodi. Walikuwa wanakataa namna ya kukadiriwa: nani ameamua, kwa kipimo gani, na kwa nini jirani yangu alipe vile na mimi nilipe hivi? Wanawake wa Usangi wakaingia nao. Inasimuliwa kwamba walimkabili ofisa wa kikoloni wakamwambia amalize ugomvi waume zao warudi nyumbani, la sivyo awape mimba wote yeye mwenyewe. Mwisho kodi ile ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa milima hii, ameandika kitabu kizima juu ya mbiru, na kila mwenye mtoto sekondari Upare angepaswa kumpa akisome kabla hajapewa fulana ya mgombea.

Babu zetu waliteremka mlima kwa miguu kuuliza hesabu ya kinachotoka mifukoni mwao. Sisi wajukuu hatuulizi hesabu ya kinachoingia. Eti ni zawadi. Na ucheshi ule wa kesi ya kuku, ambao wengine wanautumia kutudhalilisha, ndio urithi wenyewe: mtu anayeamini kwamba hata kuku wake ana haki ya kusikilizwa. Urithi huo tunautumia kwa majirani na ndugu. Mheshimiwa akija, tunauacha mlangoni pamoja na viatu.

Tena mfano hatuhitaji kuuagiza nje. Nenda kwenye ndiva yoyote inayofanya kazi. Maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa, kila shamba na zamu yake. Siku ya kuzibua tope, mwenye ng'ombe arobaini na mwenye mbuzi wawili wote wanashika jembe. Akikosa, analipa. Mwenye ng'ombe arobaini akisema nitawanunulieni wote soda, mniongezee zamu, atachekwa. Hakuna anayemshukuru mtu kwa zamu ya maji. Ni zamu yako. Ukiibiwa unakuja juu, unapiga kelele, na wazee wanakaa.

Kwa hiyo nataka nini? Sitaki matajiri wafukuzwe. Mwenye hoteli ana haki ya kugombea kama mwenye jembe. Nataka mambo matatu, na yote yanaweza kufanyika kijijini bila kusubiri mtu wa Dodoma.

La kwanza: chochote anacholeta mgombea au mbunge kipokewe kwa mkutano wa kijiji, kiandikwe idadi, kiwe mali ya kijiji tangu dakika ile, na aliyeleta asaini. Akikataa kusaini, kirudi nacho. Tumeshapikia watu wali wa bure vya kutosha.

La pili: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ni fedha ya umma ingawa mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mgao wake ubandikwe kwenye mbao za matangazo: kijiji gani, mradi gani, shilingi ngapi. Mabati yakinunuliwa na mfuko huo, mtu asisimame kusema "mimi nimewaletea". Aseme "hii ni zamu yenu".

La tatu: mgombea mfanyabiashara aulizwe hadharani anafanya biashara gani na nani, na anaidai au anadaiwa nini na serikali. Sheria ya maadili ya viongozi ya 1995 inawataka viongozi watamke mali zao, lakini tamko hilo linakaa kwenye ofisi ambayo mkulima wa Chome au Vudee hajawahi kuiona mlango. Swali la mkutanoni ni bure. Asiyetaka kuulizwa duka lake asije kuomba kura. Abaki dukani, huko hatumuulizi.

Utasema haya ni madogo. Nikwambie jinsi paa la zahanati yetu lilivyopatikana. Baada ya misimu ile miwili, likatoka fungu la umma, tukachanga na sisi, akapatikana mzabuni wa kuleta mabati. Hati ya kupokelea ilisema themanini. Baba mdogo aliyahesabu mara mbili, kwa kidole, mbele ya dereva. Yalikuwa sabini.

Hakuna kwaya iliyoimba siku hiyo. Tulikaa kikao pale pale chini ya mwembe, nikaandika muhtasari, mwenyekiti akasaini, dereva akasaini, na baba mdogo akamwambia dereva kwa upole kabisa: "Mwambie bosi wako kuna mzee huku ana kesi ya miaka minane ya hatua tatu za shamba, na bado hajachoka." Mabati kumi yalifika kabla ya wiki kwisha.

Mama alikuwa amesimama pembeni na kanga yake, akanitazama. Akauliza yule bwana mwenye mabati anaitwa nani, apewe shukrani. Nikamwambia, hana jina, mama. Ni ya kwetu.